Manamba wa Takwimu

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo husimama mbele yetu mtu mwenye suti nzuri na kutuambia kwamba tabianchi na sera ya nishati ni "uwanja wenye fursa". Hulitamka neno fursa kama dalali anavyolitamka neno hati. Fursa zenyewe huzihesabu kwa vidole: soko la kaboni, magari ya umeme, haidrojeni ya kijani, ushauri elekezi kwa mashirika, uzamivu Ulaya. Mkono mmoja humtosha. Mafiga hayamo.

Nimezaliwa Kasulu, mama yangu ni wa Kibondo, na ninasoma shahada ya uzamili katika fani hiyohiyo inayosifiwa. Kwa hiyo nitalisema hapa jambo ambalo kwenye semina huombwa nilipunguze makali. Kazi hii ya kitaaluma, jinsi ilivyopangwa sasa, humpandisha mtu ngazi kwa kadiri anavyowapa kisogo watu aliowahoji. Usiniambie ni tabia ya mtafiti mmoja mmoja. Nimekutana na watafiti waungwana kabisa, na ngazi ni ileile.

Chukua tasnifu za nishati ya kupikia zilizogusa mkoa wetu, nenda sura ya tatu. Utakuta ramani. Tanzania ndogo imewekwa pembeni, Kigoma imepakwa rangi, Kasulu na Kibondo zimewekewa vitone, na chini yake pameandikwa: eneo la utafiti. Mkoa wenye watu zaidi ya 2,400,000 kwa sensa ya 2022 umekuwa eneo, kama eneo la kuegesha magari. Sura ya nne inachukua majibu yao. Sura ya tano inatoa mapendekezo kwa "watunga sera". Kisha kitabu kinapata jalada gumu na kuwekwa rafu, na mwandishi anapata cheo. Sijaona bado nakala hata moja kwenye kabati la mtendaji wa kijiji, na makabati hayo nimeyafungua mengi.

Wazee wa kwetu wanalo neno la kazi ya namna hii. Wakati wa ukoloni nyanda za juu za Buha zilifanywa ghala la vibarua. Vijana wa Kiha waliandikishwa, wakapewa namba, wakavushwa nchi nzima hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Ndiyo maana waliitwa manamba. Kufikia miaka ya 1940 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kutafuta watu, SILABU, na nyanda hizi zilikuwa miongoni mwa sehemu ilikowatafuta. Mkonge ukapanda meli. Kasulu iliyotoa mikono haikubakiwa hata na karakana ya kusokota kamba ya mbuzi.

Sasa tazama mnyororo wa takwimu. Mradi unabuniwa mbali. Dodoso linaandikwa Kiingereza, linatafsiriwa Kiswahili, kisha linaletwa kwa vijana kama mimi tuliomaliza shahada ya kwanza na hatuna ajira. Tunalipwa kwa idadi ya kaya. Kila msaidizi ana namba yake kwenye kishikwambi. Yangu, katika kazi ya kwanza, ilikuwa 07. Unafika kwa bibi, unamwamkia kwa Kiswahili, anakuitikia "Mwakeye" na kuendelea kwa Kiha. Unalibeba jibu lake kichwani kwa Kiswahili, unalishusha kwa Kiingereza kwenye visanduku vitatu: kuni, mkaa, nyingine. Jioni unapanda kilimani kutafuta mtandao utume. Ukishatuma, yamekwisha. Miaka miwili baadaye unakutana na makala kwenye jarida ambalo kulisoma kunalipiwa dola, na katika aya ya shukrani wametajwa "wasaidizi wa utafiti wa Kigoma". Hata namba hawakutuachia.

Bibi mmoja wa upande wa Kibondo aliniuliza swali ambalo sikulikuta kwenye dodoso lolote. "Mwanangu, mwaka juzi alikuja mwenzako akaniuliza hayahaya. Yeye hakupata?" Alidhani majibu yalipotea njiani. Ni dhana ya busara. Mtu akirudi mara ya tatu kukuuliza ndoo iko wapi, utaamini kwamba mara mbili za kwanza hakuiona.

Na usidhani kwamba huko kwetu hakuna cha kusomea ila kuni. Kwa miaka mingi Kigoma ilikuwa nje ya gridi ya taifa, umeme wa Kasulu na Kibondo ukitoka kwenye jenereta za dizeli. Gridi ilitufikia kutokea Nyakanazi mwaka 2022. Katikati ya kusubiri huko kuna kisa cha Malagarasi. Mwaka 2008 Tanzania ilisaini na shirika la Marekani la MCC mkataba wa dola milioni 698, na ndani yake kulikuwa na kituo cha umeme wa maji kwenye maporomoko ya Igamba. Uchunguzi wa mazingira ukakuta viumbe adimu wa majini. Kituo kikaachwa, na badala yake zikaja paneli za jua kwa shule za sekondari, zahanati na vituo vya afya vya mkoani. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha mkopo wa kituo kingine kwenye mto uleule, megawati 49.5. Fikiria maswali yaliyojaa humo: nani aliamua kwamba viumbe wale wana uzito kuliko taa zetu, na je, alikosea? Nini kilibadilika kati ya uamuzi wa kwanza na wa pili? Mimi nilikulia mkoa huo, nikasoma sekondari humo, na mara ya kwanza kukisoma kisa hicho kizima ilikuwa Dar es Salaam, kwa Kiingereza, kwenye ripoti iliyoandikiwa wasomaji wa Washington.

Gridi imefika, lakini maharage bado yanaiva kwa kuni. Hili nitalikalia kidogo, maana ndipo sera inapojikwaa.

Kasulu ni nchi ya maharage. Maharage makavu yanataka moto wa saa mbili, wakati mwingine zaidi, na moto wa saa mbili kwenye mtungi wa kilo 6 ni kitu ambacho hakuna mama ninayemjua anayethubutu. Kwa hiyo mwenye mtungi hupikia chai asubuhi, hukaangia mayai, hupashia kiporo, na mgeni akija huutumia mbele yake kwa heshima. Mchana mafiga yanawashwa uani kama kawaida. Watu hawahami kutoka jiko hadi jiko; wanaongeza jiko. Lakini msaidizi wa utafiti mwenye visanduku vitatu akiuona mtungi atajaza gesi, na kwenye jedwali kaya hiyo imekwisha kuhama. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Siudharau. Nimeuona moshi unavyowafanya wanawake wa ukoo wangu wakohoe, na mwezi huohuo wa Mei mkutano wa Paris ambao Rais Samia alikuwa mmoja wa wenyeviti wake uliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa Afrika. Nauliza tu: hiyo 80 tutaihesabuje? Kwa mitungi iliyogawiwa au kwa maharage yaliyoiva?

Lipo sufuria la umeme la presha, ambalo huivisha maharage kwa muda mfupi na kwa umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Je, transfoma ya kijiji cha Kibondo itayamudu masufuria 200 saa moja jioni? Umeme ukikatika katikati, maharage yaliyoiva nusu anayala nani? Mtu aliyezoea kununua mahitaji ya siku moja atalipia sufuria kwa awamu zipi? Haya ni maswali ya tasnifu. Yana hesabu, yana fizikia, yana uchumi. Nilipoyapeleka kwenye kikao kimoja cha mapendekezo niliambiwa kwamba ni ya "kienyeji mno", na nikashauriwa niangalie mpito wa nishati kwa upana wa bara. Upana wa bara unapendwa sana, kwa kuwa haukuulizi nauli ya basi la Kasulu.

Ubaya wa kuhesabu kwa mbali si jambo la kukisia. Mwaka 1975 Mmarekani Erik Eckholm aliandika juu ya uhaba wa kuni akiuita mgogoro mwingine wa nishati, wakati dunia bado inauguza jeraha la bei ya mafuta ya 1973. Alikuwa na nia njema na alisikilizwa. Wataalamu wakachukua idadi ya watu, wakaizidisha kwa kuni za mtu mmoja, wakatoa miti inayoota kila mwaka, wakapata pengo. Pengo likavutwa mbele hadi misitu yote ikaisha kwenye karatasi. Mashamba ya miti yakapandwa kuliziba. Mwaka 1988 Gerald Leach na Robin Mearns waliandika kitabu cha kuivunja hesabu hiyo, Beyond the Woodfuel Crisis. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya miti hukatwa ili kupata shamba, kwamba mkulima hupanda miti yake mwenyewe inapomfaa, kwamba wapishi wengi wa vijijini huokota matawi makavu na vichaka, na kwamba kuni zikipungua watu hubadili mapishi na njia kabla msitu haujaisha. Jedwali lilikuwa sahihi kwa kuzidisha na kutoa. Lilimkosa mwenye shamba.

Ungedhani somo hilo limekaa. Lakini soma ripoti za kambi za kwetu. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya 2015 Warundi walipokimbia. Nimesoma ripoti baada ya ripoti zinazopiga hesabu ileile ya Eckholm: idadi ya wakimbizi, mara kilo za kuni, sawa na hekta kadhaa za miombo, na hitimisho kwamba mkimbizi anamaliza msitu. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, ilhali chakula anachopewa hakiliwi kibichi. Mwanamke anayetoka kutafuta kuni anavunja sheria ili alishe watoto, na huko porini anaweza kukutana na panga la mwenyeji au na ubaya mwingine ambao wanawake wa kambini husimulia kwa sauti ya chini. Huo mgogoro wa kuni ni wa msitu, sawa. Ni wa kibali pia. Na ukiuandika kwa hekta peke yake umeshachagua upande, hata kama jarida limekusifu kwa kutopendelea.

Wenzangu huniambia: ndivyo taaluma ilivyo, hakuna njia nyingine. Ilikuwepo. Mark Mwandosya alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akashika kazi za nishati serikalini, na mwaka 1997 kule Kyoto, Tanzania ikiwa mwenyekiti wa kundi la G77 na China, yeye ndiye aliyelisemea kundi hilo kwenye majadiliano ya tabianchi. Baadaye aliandika kitabu kuhusu majadiliano hayo na kukiita Survival Emissions. Jina hilo limebeba hoja nzima ya nchi za Kusini: kuna moshi wa kuishi na kuna moshi wa anasa, na mkataba wa haki hauwezi kuviweka kwenye mizani moja. Waliitoa hoja hiyo mapema zaidi Wahindi Anil Agarwal na Sunita Narain, mwaka 1991. Lakini kwa Mwandosya tunamwona mhadhiri wa Mlimani akiichukua hadi mezani mwa wakubwa. Unaweza kubishana na siasa zake za baadaye, na wengi wamebishana. Taaluma yake ilikuwa na upande, na upande wenyewe ulijulikana.

Sasa ona hoja hiyo ilivyogeuzwa. Siku hizi moshi wa kuishi una soko. Mradi unagawa majiko banifu, unakadiria kuni ambazo mama hatazichoma tena, unazigeuza kuwa tani za hewa ukaa, tani zinakuwa hati, hati inanunuliwa na kampuni iliyo mbali ili iendelee na moshi wake. Yaani moshi wa kuishi unapunguzwa ili moshi wa anasa upate ruhusa. Na hesabu zenyewe ni mbovu. Januari 2024 Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya walichapisha katika Nature Sustainability uchambuzi wa miradi ya majiko ya aina hiyo, wakakuta miradi waliyoichunguza imejihesabia hati takriban mara tisa ya ilichostahili. Mara tisa! Sababu zake utazitambua ukiwa umewahi kukaa jikoni Kasulu: walikisia kwamba jiko jipya linatumika wakati wote, kwamba la zamani limetupwa, kwamba kila kuni iliyochomwa ilitoka kwenye mti usioota tena. Kisanduku cha "kuni" kilichojazwa na namba 07 ndicho kinachokwenda kuwa hati.

Siyo kwamba kaboni yote ni wizi. Jirani zetu wa Katavi, wilaya ya Tanganyika, wana vijiji vinavyolinda misitu yao na kulipwa, na fedha zimejenga vitu vinavyoonekana kwa macho. Nchi ina kanuni za biashara hiyo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Sokoine, Morogoro. Huko msitu una mpaka na kijiji kina hati. Kuni za mama hazina mpaka, na hakuna kikao chochote kinachomwonyesha mama hesabu iliyofanywa kwa jina lake.

Pingamizi la lugha nalipitia haraka maana halistahili muda. Eti Kiswahili hakina istilahi. Tunasema nishati jadidifu, hewa ukaa, gesijoto, majiko banifu. Viongozi wanahutubia mikutano ya hadhara kwa maneno hayo na watu wanaelewa. Anayekosa istilahi ni yule ambaye hajawahi kulazimika kueleza matokeo yake kwa aliyemhoji.

Pingamizi la tumbo ni zito zaidi. Kupandishwa cheo kunahesabu makala za majarida ya kimataifa. Kikao cha kijiji hakina pointi. Mhadhiri kijana ana watoto, ana wazazi, ana mkopo wa elimu ya juu unaokatwa kwenye mshahara. Simwombi awe mtakatifu. Nataka kanuni ibadilishwe ili asilazimike kuwa mtakatifu.

Kanuni ninayoitaka ni hii. Utafiti wowote uliohoji kaya vijijini usihesabiwe kuwa umekamilika hadi matokeo yake yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji husika, watu waulize, na muhtasari wenye mhuri wa mtendaji uambatishwe kwenye tasnifu. Mkutano huo upo tayari, unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Hauhitaji ukumbi wa hoteli. Kwenda tunajua njia: kibali kutoka COSTECH, barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, ya kijiji, mihuri mitano kwa ajili ya kuchukua. Naomba mhuri wa sita, wa kurudisha. Tutetee tasnifu mara mbili, mara moja mbele ya maprofesa na mara moja mbele ya watu wanaoweza kusema "hapana, si hivyo, mimi sikukata mti ule". Nakuhakikishia ya pili itakuwa ngumu zaidi. Miaka ya 1970 ingetuokoa na jedwali la Eckholm.

Nililiandika sharti hilo kwenye pendekezo langu mwenyewe. Lilirudi na mstari mwekundu na maneno mawili: "Si lazima."

Na mezani kwangu kuna barua nyingine. Ni nafasi ya uzamivu ng'ambo, miaka minne, posho ya kutosha kumwezekea mama nyumba na kumsomesha mdogo wangu wa mwisho. Mradi unapima kuni zinazookolewa na majiko katika wilaya tatu za Kigoma ili zigeuzwe hati. Wanataka mtu anayejua Kiha. Niliwauliza mambo mawili: kama wasaidizi watatajwa kwa majina kama waandishi, na kama matokeo, pamoja na bei ya kila tani iliyouzwa, yatasomwa vijijini. La kwanza walisema litajadiliwa. La pili walisema halina fungu kwenye bajeti. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Mama, nilipomweleza kwa simu, aliuliza kwanza kama huko kuna baridi, kisha akauliza: "Na hizo kuni wanazouza, ni zetu sisi?" Sijawajibu wao wala yeye.

Wakati huohuo tasnifu yangu ina kaya 112, na sikusubiri mstari mwekundu ufutwe. Nimeomba nafasi kwenye mkutano mkuu ujao wa kijiji nilikohoji, na mtendaji ameniweka ajenda ya saba, baada ya taarifa ya mapato na matumizi, kabla ya mengineyo. Amesema nisizidishe dakika 15, na nije na nakala mbili, moja ibaki kabatini.